Nilikopa, nikakopesha: aplikesheni ya mikopo niliyoijaribu hapa Mwanjelwa

Naanza na nyota ili mwenye haraka asome aondoke: nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni ya kasi. Ya pili nimeitoa shingo upande, na sababu yake iko huko mbele. Jina la aplikesheni silitaji. Kwanza sitaki maneno na mtu, pili tangu niifute imeshabadili jina na rangi, kwa hiyo hata ningelitaja lisingekusaidia.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, kibanda changu kiko Mwanjelwa, jijini Mbeya, mwendo wa dakika chache kutoka Kabwe. Mwaka wa fundi wa sare una miezi miwili tu, Desemba na Januari. Kumi iliyobaki ni kupunguza suruali za mitumba, kubadilisha zipu na kusikiliza redio. Shule zikikaribia kufunguliwa ndipo mzazi anapokumbuka kuwa mtoto amerefuka, na wote wanakumbuka wiki moja. Ukikosa kitambaa wiki hiyo, mwaka umekupita.

Desemba 2023 nilipata oda ya shule moja ya binafsi njia ya Uyole: sketi 38 za marinda, buluu iliyokolea, zifike kabla watoto hawajafika. Walitanguliza hela ya nyuzi na zipu. Kitambaa nijitegemee.

Najua mtu atauliza, kwani huna kikoba? Ninacho. Tuko wanawake 25, tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya. Hisa moja ni shilingi 5,000, mfuko wa jamii 1,000, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, unarudisha ndani ya miezi mitatu na riba ya asilimia 10. Ugonjwa wake ni mmoja, na kila anayeishi kwa msimu anaujua: kikoba kinavunjwa Desemba, tunagawana kilichomo. Ili kivunjwe, madeni yote lazima yawe yamerudi, na ili yarudi, kuanzia Oktoba hakuna kukopa. Dirisha linafungwa wakati uleule ninaolihitaji. Mgao wangu wa mwaka ule nao ulishakuwa na mwenyewe, muuza bati, kabla hata haujagawiwa.

Mikopo ya mitandao ya simu nayo ipo. Songesha inakuongezea pale unapopungukiwa kukamilisha muamala, M-Pawa inaangalia ulivyojiwekea akiba. Mimi akiba yangu hukaa kwenye jora, haikai kwenye simu, kwa hiyo kikomo changu kilikuwa cha sukari na sabuni. Kosa langu, si lao.

Aliyenipakulia hii aplikesheni ni mpwa wangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Nilimwambia sitaki kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Akacheka. "Shangazi, hii siyo ile. Hapa watu wanakopeshana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye nacho anaweka, mwenye shida anachukua, mtandao unawakutanisha tu." Akanipa na historia: kampuni ya Zopa ilianza kazi hiyo Uingereza mwaka 2005, na mwaka huohuo Marekani ikaanza Kiva, ambayo mikopo yake ya mwanzo kabisa ilikwenda kwa wafanyabiashara wadogo wa Tororo, Uganda. Alivyozungumza ungedhani amekuwepo. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba Zopa waliachana na mikopo ya watu kwa watu mwishoni mwa 2021, wakabaki na benki yao. Na Kiva, anayetoa hela yake hapati riba hata senti. Hayo mpwa wangu hakuyafikia. Kwa hiyo lililovuliwa huko ndilo tunaloletewa huku, kama belo la mitumba la daraja la tatu, na sisi tunapanga foleni kulifungua.

Sasa aplikesheni yenyewe. Ukiifungua kuna milango miwili: "Nahitaji" na "Nakopesha". Kiswahili chake ni cha mtu asiyewahi kukanyaga sokoni. Kuna mahali kimeandikwa "Furahia fedha zako mpendwa mteja mzuri". Inataka namba ya kitambulisho cha NIDA, picha ya uso, na namba za watu wawili wa karibu. Halafu inaomba ruhusa nne: majina yaliyo kwenye simu, meseji, picha, na mahali ulipo. Nilibonyeza "Ruhusu" mara nne mfululizo, kama mtu anayeitikia hodi usingizini.

Meseji inazitaka kwa sababu ndiko ziliko taarifa za miamala. Inasoma kilichoingia, kilichotoka, na siku ngapi salio limekaa sifuri, kisha inakupa alama. Kwa hili sitaki kuwa mnafiki: nilifurahi. Mkopo wa maana kwingine niliulizwa hati ya nyumba na mdhamini mwenye mshahara. Huyu aliniuliza wateja wananitumia shilingi ngapi, na jibu nilikuwa nalo. Mama wa kibandani kupimwa kwa kazi yake badala ya kwa ukuta wa nyumba yake ni jambo jema, na ningependa wenye leseni waliige.

Umeme ulikuwa umekatika siku ile. Nilitia mkaa kwenye pasi, nikapuliza, nikabonyeza "Omba". Mkaa haujakolea, meseji imeingia. Dakika nne. Hiyo ndiyo nyota ya kwanza.

Niliomba 150,000. Zilizoingia ni 117,000. Elfu 33 ilikatwa mlangoni, nusu yake imeitwa "ada ya huduma", nusu "bima", ingawa mpaka leo sijui nilikatiwa bima ya nini, labda ya wao. Na juu ya skrini, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa: rudisha 156,000 baada ya siku 14. Tangazo lililotuvuta lilisema mpaka siku 91.

Niliichukua. Nilikuwa na 80,000 yangu, nikajumlisha, nikaenda kuchukua kitambaa. Lakini usiku nikikata marinda nilipiga hesabu kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Mkononi nimepewa 117,000, narudisha 156,000, tofauti ni 39,000. Hiyo ni theluthi ya nilichopokea, kwa wiki mbili. Faida yangu kwa sketi moja ni 4,000. Maana yake sketi karibu kumi katika zile 38 nazishonea watu nisiowajua, tena kwa nyuzi zangu.

Sketi zilifika shule kwa wakati. Mhasibu akalipa nusu, nyingine wazazi wakishalipa ada. Hilo si jipya, kila fundi wa sare analijua, na kikoba kingelijua pia. Aplikesheni haikulijua. Siku ya kumi na nne ilipita nikiwa nimelipa pungufu, na siku ya kumi na tano, saa kumi na moja alfajiri, mvua inapiga bati, simu ikaanza.

Wa kwanza ni mwalimu aliyenipa oda. "Fundi, umepatwa na nini? Nimeletewa meseji eti umetoroka na hela za watu." Wa pili binti niliyemfundisha kazi, sasa yuko Tunduma. Wa tatu dereva bajaji ambaye namba yake niliihifadhi kwa sababu ya kubebewa jora siku moja tu. Meseji zote moja: jina langu kamili, neno "mkwepaji", na agizo kwamba aliyeipokea anishauri nilipe kabla ya saa sita mchana.

Wa nne hakupiga. Alipiga mama mkwe kwa niaba yake, kutoka Tukuyu.

Hapa inabidi nieleze kwa wasio wa kwetu. Sisi Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake wana heshima ya kuepukana. Wazee walikuwa hata kukutana njiani hawakutani. Ukimsikia anakuja unapisha, unainamisha uso. Siku hizi tumelegeza, lakini mimi na baba mkwe hatujawahi kukaa tukazungumza ana kwa ana, na sijamkosea kwa hilo, ndiyo adabu yenyewe. Namba yake niliiweka kwenye simu kwa kazi moja tu, kumtumia hela ya mbolea. Sasa mashine isiyojua baba mkwe ni nani imemwamsha alfajiri kumwambia mkaza mwanawe ni mwizi. Mama mkwe aliuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna shida gani huko?" Afadhali angefoka. Upole ule ulinimaliza nguvu.

Nilipiga huduma kwa wateja. Inaita, inapigwa muziki, inakatika. Ofisi haijaandikwa popote. Kwa huduma kwa wateja ningetoa nyota sifuri kama ingewezekana.

Aliyenitoa ni jirani yangu muuza mchele wa Kyela. Alifungua pindo la kanga, akahesabu 60,000, hakuandika popote. Nikasema "ndaga fijo", akaniambia nikalipe kwanza ndipo nishukuru. Hadi nakamilisha zilikuwa siku tatu za faini, 4,000 kila siku. Jumla nimelipa 168,000 kwa 117,000. Sketi kumi na tatu kasoro.

Nyota ya pili, sasa. Baada ya yote hayo oda ile ilinibakizia kama laki moja, na shule ikarudi kwangu mwaka uliofuata. Bila ile hela ya dakika nne, oda ingekwenda kwa fundi mwingine. Siwezi kusema haikunisaidia wakati jiko langu linasema ilinisaidia. Nyota hiyo hapo, waichukue.

Ningeishia hapa kama si upumbavu wangu wa Juni. Juni Mbeya baridi inauma, vidole havishiki sindano, kazi hakuna. Aplikesheni ikaniletea meseji: "Geuka mkopeshaji, hela yako ikufanyie kazi." Nilikuwa sijaifuta. Nadhani nilitaka zirudi zile sketi zangu kumi na tatu. Nikaingia kwa mlango wa pili, "Nakopesha", nikaweka 30,000, ikagawanywa kwa watu watatu, elfu kumi kumi.

Huku ndani mkopaji hana jina. Ana namba, jinsia, mkoa, shughuli, na alama ya uaminifu. Wangu walikuwa mwanamume wa Songwe, usafirishaji, alama 64. Mwanamke wa Njombe, kilimo, 80. Na mwanamke wa Mbeya, chakula, 71. Huyu wa tatu alininyima raha. Wauza chakula ninaowajua Mbeya ni wengi. Anayeniletea chai ya saa nne kibandani ni muuza chakula. Nilikuwa namwangalia anamimina chai, najiuliza.

Wawili walilipa kwa siku. Kwa kila 10,000 nilirudishiwa 10,300. Nikakumbuka makato yangu ya mlangoni, nikayarudia kwa chaki: mkopaji wangu kapewa 7,800, karudisha 10,400. Mimi mwenye hela nimepata 300. Katikati pamebaki 2,300. Dalali wa viazi analaumiwa Mbeya nzima, lakini hata yeye analipia kupakia na anasimama juani. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mpwa wangu kwamba mtandao "unawakutanisha tu".

Wa tatu, mama wa chakula, hakulipa. Siku ya kumi na tano skrini yangu ilitokeza vitufe vitatu: "Kumbusha", "Kumbusha kwa msisitizo", na "Wajulishe watu wake".

Nilikuwa naweka vifungo kwenye shati la mtu. Niliiweka simu kwenye mguu wa cherehani, nikaiangalia kama unavyomwangalia nyoka. Kumbe ni kitufe. Mimi miezi sita nilikuwa namchukia meneja fulani, nimeshampa sura, tai na kitambi, kumbe alfajiri ile inawezekana kabisa aliyebonyeza ni mama mwenzangu mahali fulani, mwenye elfu kumi yake, ana baridi, na hajui kwamba kwenye orodha ya "watu wake" yumo baba mkwe.

Na nisijifanye mtakatifu. "Kumbusha" nilibonyeza, mara nne kwa siku moja. "Kwa msisitizo" nilibonyeza mara moja, jioni, nimekasirika kwa jambo jingine kabisa. Cha tatu sikukigusa. Elfu kumi haikurudi, na chai ya saa nne iliendelea kuja na sikuuliza.

Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa afisa maendeleo ya jamii, siku kikoba chetu kilipokwenda halmashauri kusajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma madaraja manne. Sisi wa sanduku ni daraja la nne. SACCOS ni la tatu. Kampuni za kukopesha na wakopeshaji binafsi ni la pili, wanapewa leseni na Benki Kuu, na hawaruhusiwi kupokea amana za watu. Nikaufikiria ule mlango wa "Nakopesha" nikanyamaza. Riba kwa daraja la pili ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ile 117,000 yangu ni shilingi 4,095 kwa mwezi mzima. Nililipa 51,000 kwa siku kumi na saba.

Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa hawa wa daraja la pili wanaokopesha kidijitali, unaogusa tozo na riba, ukusanyaji wa madeni, na faragha ya wateja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Nilisoma orodha nzima kwa kidole, jina kwa jina, lakini yangu ilishavaa jina jipya wakati huo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, ilikuwa inatumika tangu Mei 2023. Yaani alfajiri ile ya mvua ilikuwa tayari na sheria yake, ila mimi nilikuwa sijui pa kuipeleka. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inapokea malalamiko. Hilo nawaambia walionipigia simu kuniuliza.

Ushauri kwa anayetaka kujaribu kitu cha namna hii: kabla ya kupakua, tafuta jina la kampuni yenyewe, siyo la aplikesheni, kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Uliza utapokea shilingi ngapi mkononi, usiulize umeidhinishiwa ngapi. Na ikiomba majina yaliyo kwenye simu yako, pitia hayo majina kwanza, moja moja, ujiulize nani kati yao aamshwe alfajiri.

Kikoba chetu nacho nimekipa kazi. Niliomba kuvunja kuhamie Machi, kwa ajili yetu sisi wa msimu, mafundi na wauza madaftari. Wenye mashamba Igawilo walikataa katakata, kwamba mgao wa Desemba ndiyo mbolea yao na mvua haisubiri katiba. Wana haki. Tulibishana Jumapili tatu, mmoja akapigwa faini ya kumkatiza mwenyekiti, faini hiyo ikanunua soda. Mwishowe tumetenga fungu dogo ndani ya sanduku, laki tano, linalokopesheka mpaka wiki ya kwanza ya Desemba kwa mwenye oda ya maandishi, na wanaoshika funguo ndio wanaokwenda kuiona hiyo oda. Kuna wanaotaka tuhamie M-Koba, kikoba cha kwenye simu, tuachane na sanduku. Mweka hazina anasema yeye sanduku akilitikisa analisikia.

Leo asubuhi simu imelia, jina jipya, rangi ya machungwa safari hii. Mpendwa mteja, umekidhi vigezo vya shilingi 300,000. Pasi ndiyo kwanza nimeitia mkaa.